Nyuzi Zisizozama

Hakimu alisema nyuzi zimefaulu, na Daktari Namnyaki, mtaalamu mkuu wa kiwanda, hakuamini hata kidogo.

"Wastani wa urefu umekubalika," sauti ile laini ilirudia kutoka kwenye spika ya ukutani. "Hongera kwa mafundi wote wa Ngarasero Mpya. Tafadhali weka kidole kuruhusu ukataji wa ncha za nyuzi."

Hakimu hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya Baraza la Maji la Bonde, na kwa miaka mingi sasa hakuna kisima, bomba wala tangi lililofunguliwa bila neno lake. Alikuwa na adabu kuliko maofisa wote waliomtangulia, na hakujua rushwa ni mnyama gani, kwa hiyo watu walimpenda. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alijibu alichoulizwa, basi.

Namnyaki alishika mrija wa kioo uliojaa maji ya kisima, akadondoshea humo matone ya polima mpya, akauzamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Hivi ndivyo jua lingefanya kesho kwenye tangi kubwa la mji. Maji yakiwa baridi, nyuzi za polima huelea zimejinyoosha, kila moja ikiokota floridi na magadi njiani. Jua likipanda na maji yakipata joto la mwili wa mtu, nyuzi hujikunja, huwa nyeupe, huzama na mzigo wao. Yanayobaki juu ni maji ya kunywa. Mji mzima ulikuwa ukiyasubiri hayo tangu chemchemi za mlimani zikauke na watu wakabaki na visima virefu, vyenye maji yanayotia meno rangi ya kahawia na kupinda miguu ya watoto.

Mrija ukapata joto. Nyuzi zikazama, nyeupe, nzuri kutazama. Fundi mwingine angeshangilia hapo hapo akaenda kunywa chai. Namnyaki alikuwa mtu wa kuchokonoa; mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema huyu mwanamke hata akiletewa ua atahesabu petali. Akamimina yale maji ya juu kwenye mrija mwingine, akayapasha zaidi, joto ambalo hakuna tangi la jua lingelifikia.

Yakageuka meupe tena.

"Mungu wangu," alisema. Zilikuwapo nyingine. Nyuzi fupi, fupi mno kuzama kwa joto la jua, zilikuwa zimebaki ndani ya maji zimekumbatia floridi yao, hazionekani kwa macho.

"Hakimu, urefu wa uzi mfupi kuliko wote ni upi?"

"Samahani, Daktari. Kipimo hicho hakimo katika kanuni. Wastani umekubalika. Tafadhali weka kidole."

* * *

Mhandisi Urio, mkuu wa kiwanda, aliingia maabara kama kawaida yake, akitembea kama mtu aliyeachwa na basi. Alikuta mirija miwili mezani na kidole cha Namnyaki kikiwa mfukoni.

"Daktari, nimesikia hongera mpaka getini. Mbona hujaruhusu?"

Akamwonyesha. Urio hakuwa mjinga. Aliutazama ule mrija wa pili kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti.

"Ni kiasi gani kinabaki?"

"Karibu theluthi moja ya floridi itapita mpaka bombani. Mtu anakunywa akidhani maji ni safi, halafu tumboni kwenye asidi uzi unaachia kila ulichobeba."

"Theluthi." Urio aliinua uso, na alikuwa na furaha. "Namnyaki, leo tunakunywa yote! Theluthi ni neema. Unamjua mjukuu wangu Ndelilio, ameanza shule mwaka huu, magoti yameanza kupishana. Unataka nimwambie asubiri?"

"Na watoto wa kunyonya?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Watoto chini ya miaka mitano hawakunywa maji ya kisima. Kila wiki ndege zisizo na rubani zilileta chupa zao kutoka mbali, na Baraza lilikwishatangaza kwamba tangi likifunguliwa kesho, chupa zinasimama kesho hiyo hiyo. Maji ya tangi yangekuwa nafuu kwa Ndelilio na kwa kila aliyekua. Kwa mtoto wa titi, ambaye leo hanywi floridi yoyote, yangekuwa sumu mpya, inayoletwa na watu waliosoma.

"Kwa wastani," Urio alisema polepole, "mji utapona."

"Kwa wastani, ndiyo. Lakini mimi sijawahi kumwona mtoto wa wastani. Wewe umewahi?"

"Usinifanyie hivyo." Sauti ya Urio ilikwaruza. "Unajua barua ya Baraza inasemaje. Tusipofungua kesho adhuhuri, visima vinafungwa na mji unahamishiwa tambarare. Watu elfu kumi na ushee, na ng'ombe wao, na makaburi ya wazee wao. Kata ncha, tufungue, tutarekebisha baadaye."

Namnyaki alitamani sana kukubali. Alikuwa amechoka, na mzee huyu alikuwa rafiki yake, na kila alichosema kilikuwa kweli. Lakini ncha zikishakatwa hazirudi. Kila uzi uliotengenezwa pale ulibeba mwishoni mwake kipande cha zanthati, ambacho mafundi walikiita mshikaji, na mshikaji akiwepo, uzi umelala tu. Unaweza kuamshwa ukaendelea kukua pale ulipoachia. Sheria ilitaka washikaji wakatwe kabla polima haijatoka kiwandani. Baada ya hapo uzi mfupi ni mfupi milele.

"Nipe mpaka jioni," alisema. "Nataka kujua kwanza ni nini kilichozifupisha."

* * *

Tangi la mmenyuko lilisimama katikati ya kiwanda, pana chini, jembamba shingoni, na kwa umbo hilo kila mtu aliliita Kibuyu. Namnyaki alifungua kifuniko, akaingiza kichwa, akavuta pumzi.

Akajua papo hapo. Akashika ukingo wa tangi.

Harufu ile aliifahamu kabla hajajua kuongea. Ilikuwa moshi wa oloirien, mti ambao kila mama wa Kiarusha huwasha kijinga chake na kukisugua ndani ya kibuyu, ili maziwa yasioze na yapate harufu nzuri. Kibuyu kipya hakitiwi maziwa bila kufukizwa. Na hiki chao kilipofika, kimenunuliwa kwa michango ya mji mzima, watu walisema kitatiwaje uzi bila moshi? Mama yake mwenyewe, Yeyo Nasieku, ndiye aliyekifukiza, mbele ya kwaya na wanafunzi, na Namnyaki ndiye aliyemwomba. Walipiga makofi mpaka mikono ikauma.

Alikuwa amejiambia kwamba chuma hakinywi moshi. Chuma kweli hakinywi. Ila Kibuyu kilikuwa na bitana ya mpira laini kwa ndani, na mpira ulikunywa moshi ukashiba. Ndani ya moshi mna fenoli, na fenoli huzima radikali, zile cheche za kikemia zinazoukuza uzi, kama maji yanavyozima kijinga. Siku ya kupika, nyuzi zilizokuwa katikati ya tangi zilikua vizuri. Zile zilizopita karibu na ukuta zilizimwa kila zilipowaka, zikabaki vibete.

Hata hivyo, akiwa ameinama kwenye tangi lile lenye harufu ya nyumbani kwao, alianza kucheka peke yake. Fenoli huzima radikali. Haimkati mshikaji. Alikimbia maabara, akainua chupa ya polima kwenye mwanga wa dirisha, na rangi ilikuwa ile ile ya manjano hafifu, rangi ya zanthati. Nyuzi fupi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimelala.

* * *

"Tuziamshe," alimwambia Urio. "Tunaosha Kibuyu, tunairudisha polima yote, tunaongeza monoma zilizobaki ghalani, vile vipande vya kuundia uzi, tunawasha taa za bluu za kuziamshia. Kila uzi utaongezeka kwa kiasi kile kile, mfupi kwa mrefu. Ndefu zitazama mapema kidogo, hakuna ubaya. Fupi zitafikia urefu wa kuzama."

"Na ikishindikana?"

"Hatutakuwa na polima kabisa. Si nzuri, si mbaya. Hakuna."

Urio alivua miwani akajifuta uso mzima. Namnyaki alimwonea huruma. Kidole kimoja kwenye kioo, na kesho angeshangiliwa na kila mtu isipokuwa dhamiri yake. Akikataa na kushindwa, angekuwa mwanamke aliyeuhamisha mji wake.

"Ingekuwa ni kura," Urio alisema, "ningepiga ya hapana."

"Najua."

"Lakini kidole ni chako." Alivaa miwani. "Na mimi siwezi kumtazama mama yeyote mwenye mtoto mgongoni nikamwambia neno wastani. Sema unahitaji nini."

"Magadi. Mengi. Fenoli inayeyuka kwenye magadi ya moto. Na watu wa kusugua, maana pampu peke yake haitafika kwenye mikunjo ya mpira."

"Watu nitawapata. Tuwaambie tunasugua nini? Naweza kusema ni pampu iliyoharibika."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kemia yote. Namnyaki alivua koti jeupe, akaenda mwenyewe.

* * *

Yeyo Nasieku alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, miguu yake iliyopinda ameinyoosha juani, akishona shanga za sherehe ya kesho. Alikuwa mmoja wa kizazi cha kwanza cha maji ya visima. Aliposimama, magoti yake hayakukutana.

"Takwenya, Yeyo," alimwamkia mama yake kwa lugha ya kwao.

"Iko. Mbona uso umekunjamana? Umefiwa?"

Namnyaki alichuchumaa akamweleza yote, bila kupaka rangi. Mama yake alisikiliza huku sindano ikiwa hewani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu," alisema mwishowe.

"Ulifanya nilichokuomba. Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

"Ulipaswa, ndiyo. Tulikupeleka shule yote ile." Yeyo alisema bila huruma, kisha akaichomeka sindano kwenye kitambaa. "Nimeona aibu, sikufichi. Kwaya nzima iliimba jina langu. Wanajua?"

"Bado. Mhandisi yuko tayari kusema ni pampu iliyoharibika."

"Pampu!" Kikongwe alishtuka kama amechomwa. "Pampu ya watu ina kosa gani? Moshi ni wangu, na ni moshi mzuri, ila tuliupeleka mahali si pake. Nitasema mwenyewe. Nipe mkono niinuke. Magadi yako wapi?"

Kufikia alasiri, wanawake wa kwaya ile ile walikuwa ndani ya Kibuyu kwa zamu, feni zikiwapulizia hewa, wamefunga kanga viunoni na kusugua kwa brashi na magadi ya moto. Yeyo alikaa mlangoni akimweleza kila aliyefika kwamba moshi wake ndio uliolevya nyuzi, na aliyecheka alipewa brashi. Maji yaliyotoka mwanzo yalikuwa ya rangi ya chai. Waliendelea kusugua na kusuuza, wakitaniana na kuimba, mpaka yakatoka maangavu, na Namnyaki alipoingiza kichwa tena hakusikia harufu yoyote. Moyo ulimwuma kidogo kwa hilo, akafunga kifuniko.

* * *

Monoma walizotumia zilikuwa mbili, zote za vinili zenye naitrojeni, na mafundi walizifupisha majina kuwa Kapro na Mida. Kapro ndiyo iliyoupa uzi tabia ya kuzama kwa joto. Mida ilibeba chaji ya kunasa floridi. Zote mbili zilikuwa na ukorofi wa aina moja. Radikali yake haina subira. Ikiwaka, inarukia chochote kilicho karibu, na mshikaji mwenye mkono mzito akiikamata, haachii tena, mmenyuko mzima unasimama. Ndiyo maana ya zanthati. Zanthati ina mkono mwepesi: inashika, inaachia, inashika mwingine, kila uzi unapata zamu yake, na zote zinakua pamoja kama watoto wa darasa moja.

Urio mwenyewe ndiye aliyefungua bomba la naitrojeni. Gesi ilibubujika ndani ya Kibuyu ikifukuza oksijeni, ambayo nayo ni adui wa radikali. Kisha Namnyaki akawasha taa, na kidirisha cha tangi kikawa cha bluu.

Hakuna kilichotokea. Sindano ya kipimajoto ililala pale pale. Urio alitembea huku na huku. Namnyaki alisimama, mikono kifuani, akisema kimoyomoyo amkeni, amkeni jamani, watoto wanasubiri. Alijua kwamba mabaki ya oksijeni lazima yaliwe kwanza; alikuwa amewafundisha vijana wengi jambo hilo akiwa mkali. Siku hiyo elimu yake haikumsaidia kitu. Aliogopa tu, kama mtu yeyote.

"Daktari," Hakimu alisema kutoka ukutani, "joto la tangi limeanza kupanda."

Sindano ilikuwa imeinuka. Ikapanda taratibu, bila kuruka, mwendo wa mmenyuko ulioshikwa vizuri, na Urio akapiga ukelele ambao haukumfaa mtu wa cheo chake.

Jua lilikuwa halijazama walipochota sampuli, wakaipitisha kwenye kichujio cha kuondoa monoma zilizosalia, wakaipasha. Nyuzi zikazama. Namnyaki akachukua maji ya juu, akayapasha zaidi, na zaidi, mpaka yakachemka.

Yalibaki maangavu.

"Hakimu," alisema, "nakuomba uongeze kipimo kwenye cheti chetu. Urefu wa uzi mfupi kuliko wote. Na kiwe sharti."

"Kipimo hicho hakimo katika kanuni. Mtaalamu mkuu anaweza kukiongeza kwa kidole chake, na kitatumika kwa kila tangi la Bonde. Je, una uhakika?"

Urio alianza kucheka. "Kwa Bonde lote! Kumbe ulikuwa unasubiri kuulizwa?"

"Ndiyo, Mhandisi," Hakimu alisema kwa adabu.

Namnyaki aliweka kidole. Kisha akakiweka mara ya pili, na ncha zikakatwa.

* * *

Asubuhi, maji ya tangi la mji yakiwa bado na baridi ya usiku, walimimina polima. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mapaa. Mwenyekiti wa Baraza, Bwana Lukumay, alikaa chini ya turubai na hotuba mbili mfukoni, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Alikuwa mtu wa tahadhari.

Pande mbili za tangi zilikuwa za kioo, kuanzia chini mpaka juu. Watu waliona maji yakianza kuwa na ukungu. Kina mama walishika watoto. Ukungu ukawa mweupe, weupe ukawa mabonge, na mabonge yakaanza kushuka, polepole kwanza, kisha kwa wingi, mpaka chini pakawa na tabaka nene kama maziwa ya mgando na juu yake maji maangavu hata ungeweza kumwona mtu wa upande wa pili akijikuna pua.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka kwenye malisho. Urio alimbeba mjukuu wake Ndelilio mabegani akazunguka naye tangi akilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

"Floridi salama kwa mtoto wa siku moja," Hakimu alitangaza kwenye vipaza sauti vyote. "Uzi mfupi kuliko wote umezama. Ngarasero Mpya, fungueni."

Bwana Lukumay alisimama na hotuba sahihi mkononi, akapewa glasi ya kwanza kama desturi ya mgeni rasmi. Aliitazama, akautazama umati, kisha akamgeukia Namnyaki.

"Nimeambiwa jana kidole chako kiligoma."

"Kiligoma, Mheshimiwa."

"Basi glasi hii si yangu." Akampa.

Namnyaki alikuwa na kiu tangu jana. Lakini alishuka jukwaani, umati ukampisha, akaenda mpaka kwenye benchi ambako mama yake ameketi na wanakwaya wenye mikono iliyochubuka kwa magadi. Akapiga goti, akamshikia glasi kwa mikono miwili.

Yeyo Nasieku alikunywa. Alikunywa taratibu, akiyazungusha maji mdomoni, huku mji mzima ukimwangalia koo. Akaishusha glasi, akakunja uso.

"Maji gani haya?" aliuliza kwa sauti. "Miaka yote hii nakunywa maji ya chumvi, ya uchungu, ya kutu. Haya hayana ladha hata kidogo!"

Akamrudishia glasi.

"Ongeza."